Daraja la kijijini lipewe jina la konstebo, si la mheshimiwa

Uliza njia Magwagwa uone. Utaambiwa shuka kwa poshomili, pinda pale kwa mti uliopigwa na radi, vuka mto, ukifika kwa duka lililopakwa rangi ya kampuni ya simu uliza tena. Hakuna atakayekutajia barabara kwa jina, kwa sababu haina. Kwenye makaratasi ya serikali ina herufi na nambari, na mdomoni mwa mtu wa boda ina maelezo marefu kama hadithi. Na msijione bora nyinyi wa Kisii mjini. Soko lenu kubwa linaitwa Daraja Mbili, na kuna mahali pengine panaitwa Daraja Moja. Yaani tulifika kwenye madaraja, tukayahesabu, tukaenda zetu.

Kila Oktoba 20 ikikaribia, mtu huamka na pendekezo kwamba barabara na madaraja yetu yapewe majina ya maafisa waliokufa kazini na wazee waliopigana vita. Pale kijiweni kwetu suala hili liligawanya wasee hata kabla chai haijapoa. Wengine walisema ni heshima ambayo watu hao wamenyimwa kwa muda mrefu. Wengine wakasema jina haliliwi, na barabara yenyewe ina mashimo ya kuzikia mbuzi, sasa unaipa jina la shujaa ili umtusi mara ya pili?

Mimi niko na hao wa kwanza. Lakini niliposikia jinsi wanasiasa wanavyolisema jambo hili, nikaona tusipokuwa macho litageuzwa kuwa biashara yao nyingine. Kwa hivyo leo wacha niseme ninavyoliona.

Nianze na mahali wengi wenu mnapita kila siku bila kujua. Ukiwa Nairobi na una hamu ya nyama choma unaenda Kariokor. Ukiwa Dar es Salaam na unataka kununua chochote kile unaenda Kariakoo. Majina hayo mawili yanatokana na maneno ya Kiingereza, "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni wanaume waliochukuliwa vijijini, wengine kwa nguvu, wakabebeshwa unga, risasi na maji kuwafuata wanajeshi wa Mwingereza waliokuwa wakimfukuza Mjerumani hadi kusini kabisa mwa Tanganyika. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na kuhara wala si kwa risasi. Sisi huku vita vilitufikia mapema: mnamo Septemba 12, 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Kisii penyewe.

Sasa tembea dakika chache kutoka Kariokor hadi Kenyatta Avenue, usimame mbele ya ile sanamu ya askari watatu iliyozinduliwa mwaka wa 1928. Chini yake kuna maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yaliyotungwa na mwandishi Rudyard Kipling. Yanawaahidi waliokufa kwamba watoto wao watakumbuka majina yao. Zunguka sanamu hiyo yote, upande kwa upande. Hakuna jina hata moja la askari wala la mpagazi. Ahadi ya kukumbuka majina imechongwa pale bila majina yenyewe, na imekaa hivyo karibu miaka 100 katikati ya jiji huku sisi tukiitumia kama mahali pa kukutania na madem.

Hili si jambo la kubuni ili nikuuzie hoja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakihudumia Uingereza katika Vita vya Kwanza hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, alisimama bungeni London akaomba msamaha. Mzungu aliyekufa alipata jiwe lenye jina, cheo na tarehe. Mpagazi alipata soko, na hata hilo soko likaandikwa vibaya.

Kwa hivyo mtu akiniambia jina si kitu, namuuliza kwa nini basi wenye nguvu hulipigania hivyo. Mfano uko nyumbani. Januari 1908 kijana wa Kigusii aitwaye Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza, G.A.S. Northcote, kwa kuhimizwa na Moraa, yule nabii wa kike ambaye kila mtoto wa Gusii amesikia habari zake. Northcote hakufa. Waingereza wakaleta jeshi, wakachoma nyumba, wakaswaga mifugo na kuua watu kwa kiasi ambacho hata Winston Churchill, wakati huo akiwa katika ofisi ya makoloni, aliuliza kama ilikuwa lazima kuua namna hiyo. Otenyo aliuawa, na wazee wetu husema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Sasa sikia upande wa pili. Northcote alipanda vyeo hadi akawa gavana wa Hong Kong mwaka wa 1937. Huko chuo cha ualimu kikapewa jina lake, na hadi leo kuna mtaa mdogo uitwao Northcote Close. Mtu aliyechomwa mkuki Gusii ana barabara China. Bana.

Ndiyo maana napenda wazo hili. Ninachokataa ni namna tunavyolitekeleza Kenya.

Tuna ugonjwa wa kuwapa wakubwa kila kitu. Pitia mitaa ya Nairobi: Victoria Street ikawa Tom Mboya, Government Road ikawa Moi Avenue, Delamere ikawa Kenyatta Avenue. Mengine ni sawa kabisa, Mboya aliuawa akitumikia nchi. Lakini ukihesabu walioshika bunduki, au waliobebeshwa mizigo ya wenye bunduki, utabaki na Kimathi Street na General Mathenge kule Westlands na wengine wachache, na hao pia ni majenerali na mafildimasho. Hakuna koplo. Hakuna konstebo. Hakuna yule mama aliyepeleka chakula msituni usiku.

Halafu kuna kisa cha Mei 2021 pale Kileleshwa. Barabara ya Dik Dik iliamka siku moja ikiwa na kibao kipya: Francis Atwoli Road. Mwenyewe yuko hai, anakula, anahutubia. Kibao kiling'olewa, kikarudishwa, kikachomwa moto. Tulicheka sana mtandaoni, lakini funzo lilikuwa pale wazi. Watu hawakatai majina ya barabara. Wanakataa kupangiwa majina usiku na watu wanaojipigia makofi. Na hata jina zuri halishiki kwa sababu tu kuna sherehe na utepe. Forest Road ilipewa jina la Profesa Wangari Maathai, mtu anayestahili kuliko wengi, lakini panda matatu uone utasikia nini. Makanga ndiye bunge la mwisho la majina ya barabara. Asipolitaja mlangoni, limekufa.

Kanuni yangu ya kwanza ingekuwa rahisi: aliye hai asipewe. Ya pili ingewaudhi waheshimiwa zaidi: tuanze na wa chini.

Mnakumbuka Aprili 18, 2024. Helikopta ya jeshi ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, na Mkuu wa Majeshi Jenerali Francis Ogolla akafariki. Nchi nzima ililia, na ilikuwa haki. Lakini katika helikopta hiyo walikufa maafisa wengine tisa. Tisa. Jaribu kutaja mmoja sasa hivi bila kugusa simu. Mimi mwenyewe nilijaribu pale kijiweni nikawapa wasee dakika nzima, tukatazamana tu. Hao walikufa pamoja naye, saa ile ile, kwa ajali ile ile, na kila mmoja ana kijiji chake mahali fulani chenye njia ya vumbi isiyo na jina. Jenerali hata bila barabara atakaa katika vitabu. Hao tisa watakaa wapi?

Na hapo ni pale ambapo tuliambiwa ukweli siku ile ile. Januari 15, 2016 kambi yetu ya El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab. Mpaka leo serikali haijatoa idadi rasmi ya wanajeshi waliouawa pale. Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, ikawa Kulbiyow, na tena idadi ya serikali na idadi ya watu wengine zikapishana. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa bonde la Suguta kule Baragoi, wengi wakiwa vijana waliotoka chuoni juzi tu, wakatumwa kufuata ng'ombe walioibwa. Utajengaje ukumbusho kwa watu ambao hutaki kuwahesabu? Hapo ndipo ninapoona hila ya mambo haya. Ni rahisi kwa serikali kusema "mashujaa wetu" kwa wingi, kwa sababu wingi hauna mama wala mjane anayeuliza pensheni. Jina moja kwenye kibao ni hatari zaidi. Mtu atapita aulize: huyu alikufa wapi, alitumwa na nani, alikuwa na gari la kuzuia risasi au hakuwa nalo?

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa kuliko hata heshima. Jina huleta maswali.

Kwa sisi tulio chini ya miaka 30 jambo hili liko karibu kuliko tunavyokubali. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na niliporudi nyumbani kulikuwa na milango michache tu: boda, kuchuna majani chai, kuandika haya ninayoandika, au kusubiri siku ya usajili wa makurutu uwanjani. Nilioketi nao darasa la nane, wengi walikimbia uwanjani ule. Walivua mashati, wakahesabiwa meno, wakapimwa urefu. Waliochukuliwa tuliwaonea wivu, kusema kweli. Walirudi likizo ya kwanza na viatu vinavyong'aa wakatununulia soda. Mmoja wao, ambaye tuliiba mapera pamoja, alirudi mara ya mwisho ndani ya sanduku lililofunikwa bendera. Wanajeshi walipiga risasi hewani, kasisi akasoma, afisa mmoja akamkabidhi mama yake bendera iliyokunjwa, magari yakaondoka kabla ya mvua. Simtaji jina hapa. Si kwa kuogopa. Jina lake ni la nyumba yao, nami sijaenda kuomba ruhusa. Hiyo nayo ingekuwa kanuni: hakuna kibao bila familia kukaa chini ikakubali, maana kuna mjane ambaye hataki kupita kila asubuhi chini ya jina la mumewe akienda kuteka maji, na ana haki hiyo.

Konstebo wa kwanza wa Kenya kuuawa Haiti, Samuel Tompoi Kaetuai, alikuwa na miaka 28 alipopigwa risasi Februari 2025. Miaka 28. Huyo ni rika letu. Ni msee ambaye mngegombania naye chaja ya simu.

Sasa najua kuna mtu anasoma huku amekunja uso tangu niliposema polisi. Unasema: wewe unataka tuwaheshimu polisi? Hawa hawa wa Juni 25, 2024? Hawa ambao Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifia mikononi mwao pale Central mwezi Juni 2025? Nimeandika blogu kwa miaka kadhaa, na kisa cha Ojwang kilinifanya nilale na simu imezimwa wiki nzima. Silichukulii swali lako kwa mzaha.

Jibu langu ni kwamba ndiyo sababu tutaje mtu mmoja mmoja. Ukisema "tuwaheshimu polisi", umemsafisha aliyefyatua risasi kwa damu ya yule aliyeuawa Baragoi. Mimi siheshimu sare. Nataka konstebo fulani, mwana wa fulani, aliyekufa siku fulani akimtoa mtoto kwenye mafuriko au akilinda basi la abiria kule Mandera, atajwe peke yake, na faili lake lisomwe hadharani kabla kibao hakijasimamishwa. Kama alikuwa na mikono michafu tutajua hapo. Na vijana waliouawa mtaani wakiwa na bendera na chupa ya maji nao pia walikufa kwa ajili ya nchi. Kijiji kikitaka njia moja iitwe kwa jina la konstebo na ile inayokutana nayo iitwe kwa jina la mwandamanaji, sioni shida. Watoto watakaosimama kwenye makutano hayo watakuwa na mengi ya kuwauliza wazazi wao, na wazazi watalazimika kujibu.

Kuna pingamizi moja ambalo sina jibu la kulimaliza, nalo ni lile la ugali. Mbona tumpe marehemu barabara na mjane wake anazungushwa ofisini miaka mitatu akitafuta malipo? Nalikubali. Tazama Kimathi. Alinyongwa Februari 18, 1957 akazikwa Kamiti. Leo ana barabara katikati ya Nairobi, ana sanamu iliyozinduliwa siku kama hiyo mwaka wa 2007, ana chuo kikuu Nyeri. Mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 akiwa bado anaomba kitu kimoja tu, mifupa ya mumewe azike. Hakuipata. Nchi ilimpa Kimathi kila kitu isipokuwa kaburi. Kwa hivyo mtu akija na kibao mkono wa kulia, tutazame mkono wa kushoto umeficha nini. Mimi ningesema wazi kabisa: kibao kisisimamishwe kabla serikali haijamaliza kulipa familia kila senti inayodaiwa. Hapo utaona jinsi hamu ya kukata utepe itakavyopungua.

Wenzetu wanafanyaje? Tanzania wana makaburi ya Kaboya kule Kagera, ambako wamelazwa wanajeshi waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, na Julai 25 ni siku yao ya mashujaa. Hiyo ni njia moja: kuwaweka pamoja mahali pamoja. Lakini mimi napenda zaidi ile ya kuwatawanya. Wengi wenu mna ndugu Minnesota, maana nusu ya Gusii inaelekea imehamia huko. Waulize. Watakwambia barabara zao kuu zina vipande vyenye majina ya askari na polisi waliouawa kazini, kipande cha maili chache tu au daraja moja, karibu na mji alikotoka. Bunge la jimbo hupitisha sheria yenye jina hilo, na sheria ya Minnesota inataka gharama ya kibao isitoke kwa serikali, watu wenyewe wachange. Kitu hicho cha mwisho nimekipenda sana. Kukichangwa hakuna tenda. Hakuna kibao cha milioni mbili kilichonunuliwa kwa kampuni ya shemeji. Na mtu aliyetoa mia mbili yake hatakubali kibao kiibwe kikauzwe vyuma kuukuu.

Magwagwa tunafaa kwa jambo hili kuliko Nairobi. Sisi tuko juu ya Mto Sondu, vijito vinateremka kila bonde, na kila kijito kina kivuko. Vingine ni madaraja ya saruji, vingine ni magogo mawili na sala. Ni bwawa la Magwagwa tu ambalo tumelisikia kwa miongo yote hii kwenye mipango ya serikali, na hilo tayari lina jina kabla hata ya kujengwa. Kivuko cha magogo hakina jina wala mjenzi. Nikisema daraja liitwe kwa jina la koplo aliyezaliwa kilima cha pili kutoka hapo, nasema pia kwamba lazima kwanza liwe daraja. Diwani hawezi kutundika jina la mtu aliyekufa Somalia kwenye magogo yaliyooza halafu alale usingizi. Ama kweli anaweza, nimewaona. Lakini mama ya marehemu atakuwa pale mbele, na kamera za simu zitakuwa pale.

Na si wa Somalia peke yao. Kaka yake babu yangu alienda Bama. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa tukiwa wadogo, "alienda Bama", kana kwamba alienda soko la Chabera akarudi jioni. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikasoma kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka wa 1944 msimu wa mvua, matope hadi magotini, na kwamba Februari 12 mwaka huo huo meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives ikazama kwa dakika chache na watu karibu 1,300, wengi wao wakiwa wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Majina ya waliozama yako kwenye ukumbusho ndani ya makaburi ya vita pale Ngong Road, Nairobi. Angalau hao wana ukuta. Huyu wetu alirudi, na kwa kurudi akakosa hata huo. Alirudi na koti zito, kikohozi na tabia ya kukaa mgongo ukiwa ukutani. Alikufa mzee, akazikwa nyuma ya migomba, na mwaka jana walipopanua shamba la chai hatukuwa na uhakika tena ni mgomba upi.

Sokoro mwenyewe, babu yangu, nilipomuuliza kama angependa njia ya kwetu iitwe kwa jina la kaka yake, alicheka kwanza. Kisha akaniuliza, "Watajua kulitamka?" Nikamwambia, sokoro, ni watoto wa hapa hapa, watajua. Akasema basi liandikwe lote, la ubatizo na la nyumbani, maana kwenye jeshi walimkata la nyumbani wakamwachia nambari.

Kama mnataka njia ya kufanya hili bila kusubiri mheshimiwa, ipo. Barabara za kaunti ziko chini ya kaunti, Katiba inasema hivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Huhitaji digrii, nami ni ushahidi. Unaandika unataka nini na kwa nini, mnatia sahihi, mnapeleka kwa karani wa bunge Nyamira. Wakikaa nalo kimya, mnaliweka mtandaoni na tarehe ya kupokelewa. Tuna pia Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka 2014 na Baraza la Mashujaa, kwa hivyo mtu asikwambie hakuna utaratibu. Utaratibu upo, ni kwamba umezoea kupanda juu tu.

Kibao chenyewe kisiwe na picha ya gavana. Kiwe na jina lote kama sokoro alivyosema, cheo hata kama ni cha chini kabisa, mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa, na mahali alipofia. Mahali hapo pasikosekane hata kidogo. El Adde iandikwe El Adde, si "kazini". Bama iandikwe.

Sisi tumeanza na daftari. Liko kwa kinyozi pale sokoni Magwagwa, kwenye droo ya chini pamoja na mashine mbovu. Ukiwa na jina lilete, na mtu mmoja wa familia aandike mwenyewe kwa mkono wake, na useme ni mto gani ulio karibu na kwao na kama una daraja au magogo.